Waya wa laki tatu na nusu: fundi anacheka, wapenzi wenzangu wananipongeza. Nimsikilize nani?

Mwana_Kikwajuni

Assalaam aleikum wanabaraza. Uzi mrefu huu, mwenye haraka apite, hatugombani.

Marehemu mjomba alikuwa baharia. Katika alivyoviacha, mie nikapata spika mbili kubwa za sanduku la mbao, wufa (spika ya besi) ya inchi kumi kila moja, na amplifaya ya Kijapani nzito kama gunia la karafuu. Baada ya isha nakaa ukumbini naweka taarabu ya zamani, ile ya udi na ganuni, mama yuko uani na shughuli zake. Raha yangu ndo hiyo, sina nyengine.

Mwaka jana nikaanza kuzungumza na wapenzi wenzangu wa sauti, wa Dar, wa Mombasa na wa nje huko. Watu wazuri, ukiuliza kitu unajibiwa saa hiyohiyo. Wakanambia huo waya wa spika ulionao ni wa redio, unaibana spika. Badilisha, ukungu utaondoka, utamsikia mpiga nai anavyovuta pumzi. Nikaagiza. Shilingi laki tatu na nusu, mke wangu asije akapita hapa.

Usiku wa kwanza nilisikia. Wallahi sitanii. Nai ilikuwa na pumzi, fidla zilisogea mbele. Nikawaandikia wenzangu, hongera zikamiminika, mmoja akasema sasa bado waya wa umeme.

Wiki mbili baadaye akaja fundi kwa jambo jengine, amplifaya ilikuwa inavuma. Fundi huyu amekaa na mitambo ya vikundi vya taarabu na ya maharusi miaka ishirini na ushei. Akauona waya, akaupima kwa vidole, akauliza bei. Nilipomtajia akavua kofia akajipepea nayo. Akasema mita tatu tu hizi, ungetia waya wa soketi wa milimita mbili na nusu ungekaa nao mpaka uzikwe.

Ilinichoma. Nikamwambia wewe una mita ya kupimia, mie nna masikio, na nyimbo hizi nazijua tangu nabebwa mgongoni. Akasema haya, tusibishane, tujaribu.

Tukatundika kanga mbele ya amplifaya. Nyuma ya kanga akakaa mtoto wa dada yangu na sarafu ya shilingi mia mbili: kikija kichwa cha Mzee Karume anafunga waya mpya, wakija simba anafunga wa zamani. Hata ukirudi uleule anaufungua na kuufunga tena, ili nisiotee kwa kelele za bisibisi. Kipande kimoja cha wimbo, nusu dakika, kitufe cha sauti hakiguswi. Mara 16. Mie nasema mpya au wa zamani, fundi anaandika kwenye kipande cha boksi la maji.

Nilipata 9. Mtu anayebahatisha anatarajiwa 8. Fundi alisema ningefika 12 angeninunulia waya wa pili kwa pesa zake. Na mara mbili nilikula kiapo kabisa, "huu mpya, sikia nai hiyo", kumbe wa zamani.

Ningeishia hapa ingekuwa hadithi ya fundi kushinda. Lakini katikati ya majaribio, mara ya 11 hivi, mama akapita na ungo wa mchele akasimama. "Hilo la kushoto mbona linakoroma?" Fundi akamwambia hakuna kitu bi mkubwa. Mama akasema linakoroma likija besi, na wala hakungoja jibu, akenda zake jikoni.

Fundi akaweka sikio. Hakusikia. Mie pia sikusikia. Akatoa simu, akapiga mlio wa chini akaushusha taratibu, na ulipofika hezi 60 hivi spika ya kushoto ikatoa mkwaruzo kama mtu anaparua ukoko wa wali. Akafungua wavu. Sponji ya ukingo wa wufa imeoza, ukiigusa inabaki kidoleni kama keki iliyolala, koili, yaani waya uliozungushwa unaoisukuma wufa, imekaa upande. Sijui nimeisikiliza hivo miezi mingapi. Na juu ya mkwaruzo huo mie nikausifia waya.

Sasa wanabaraza. Fundi wa miaka ishirini hakusikia. Mpenzi mwenye vyombo vyake hakusikia. Aliyesikia hajawahi kugusa kitufe cha amplifaya. Nimsikilize nani?

Kashata2

Mama. Uzi ufungwe.

FundiKoili

Waaleikum salaam. Mie fundi, si huyo wa kwenye hadithi. Kazi yangu kufunga koili na kubadilisha sponji, hapa hapa Unguja.

Sponji kwanza. Kwa unyevu wetu na joto letu, sponji ya spika haiponi hata isipopigwa. Mtu anakuletea spika ilikaa kabatini, imefunikwa kitambaa kizuri, ukiibonyeza inakumwagikia. Ukingo wa mpira unadumu zaidi. Kwa hiyo mwenye spika za zamani, kabla ya kununua chochote, toa wavu uguse kwa kidole. Bure.

Waya. Fundi wako kasema kweli ila kaikata katikati. Waya wa shaba wa milimita 2.5, mita tatu kwenda na tatu kurudi, unakupa ukinzani wa omu 0.04. Spika yako ni omu 8. Hapo hakuna sikio la kiumbe. Lakini nenda kiwanjani, uvute mita 30 kwa waya mwembamba wa nusu milimita, sasa una omu 2 njiani na desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) karibu 2 zimeishia kwenye waya. Nimewaona mafundi wenzangu wanafanya hivo, halafu wanasema spika mbovu. Kwa hiyo anayesema waya ni waya tu, naye kakariri.

La tatu linanihusu mwenyewe. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya kazini, NIOSH, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8. Zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu. Ukifika 100 una robo saa. Nani kati yetu anakaa robo saa kwenye shughuli? Tunasimama mbele ya mabomba ya spika kuanzia saa tatu usiku mpaka bibi harusi anatolewa. Mie mlio mwembamba wa juu, wa kilohezi 9, siusikii tena, na mwanangu anaziba masikio akilalamika. Mkwaruzo wa koili unatoa milio ya juu, hukohuko fundi wako alikoacha masikio yake. Kilichomwokoa ni kwamba anajua mlio gani wa kupiga ili ugonjwa ujitokeze.

Mkoani_Kavu

Yakhe, mbona mnatugeuza wapenzi kuwa watoto?

Mie niko Pemba, Mkoani, nasikiliza vyombo tangu zama za kaseti. Nilikuwa nasema kila siku, ikifika magharibi amplifaya yangu inachoka. Besi inalegea, sauti inakuwa kama ya mtu ana homa. Mafundi wawili wamekuja, mchana, wamepima, wamesema amplifaya nzima, ni mawazo yako tu. Mawazo yangu! Nikenda kununua mita ya kupimia umeme, ya shilingi elfu kumi na tano, nikaichomeka magharibi, watu wote wamewasha taa na majokofu. Volti 178. Mchana 224.

Na hiyo ni baada ya waya wa umeme wa baharini wa kutoka Tanga uliokuja 2010. Zama za majenereta ya Wesha sizungumzi.

Kwa hiyo mpenzi anayeishi na chombo chake usiku na mchana anajua jambo ambalo mtaalamu wa kuja na kuondoka halijui. Halafu hayo majaribio yenu ya kanga. Mtu umemkalisha kitako, umemwambia taja, mara 16, moyo unamdunda. Ndo muziki unasikilizwa hivo?

Mwana_Kikwajuni

Mkoani, la magharibi nakupa asilimia mia. Lakini huoni kuwa mita ndo iliyokupa haki? Bila ile elfu kumi na tano mpaka leo ungekuwa "mawazo yako".

Mkoani_Kavu

Na bila masikio yangu nani angeinunua mita?

Kashata2

Hapo mmetoka sare. Nani analeta kahawa?

Mwl_Fizikia_Chake

Nasomesha fizikia skuli, na ugonjwa huu wa spika ninao pia, kwa hiyo nna mguu huku na mguu kule.

Jaribio alilofanyiwa Mwana limefanywa na wakubwa. 2007 jarida la jumuiya ya wahandisi wa sauti, AES, lilitoa kazi ya Meyer na Moran. Walichukua muziki wa diski za ubora wa juu, wakaupitisha katika kifaa kinachoushusha hadi kiwango cha CD, biti 16 na kilohezi 44.1, wakawauliza watu upi ni upi. Majaribio 554, yaliyopatikana sawa 276. Yaani sarafu. Na wasikilizaji hawakuwa wapenzi tu, walikuwemo watu wa kazi ya kurekodi. Kwa hiyo cheo hakikuwasaidia.

Lakini kuna kazi ya pili ambayo watu wa vita hivi hawaitaji, kwa sababu haimpi mtu ushindi. Mtafiti Sean Olive, 2003, jarida lilelile. Spika nne, wasikilizaji 12 waliofunzwa na 256 wasiofunzwa: wauza vyombo, watu wa masoko, waandishi wanaokagua vyombo, wanafunzi wa chuo. Wote kwa jumla walizipenda spika kwa mpangilio unaofanana. Tofauti ilikuwa kwenye uthabiti. Wale 12 wakisema hii mbaya leo, kesho wanasema vilevile. Kwa kipimo alichotumia waliwazidi wengine kuanzia mara 3 mpaka mara 27. Na wakaguzi wa magazetini, ambao tunawanukuu kama aya, walikuwa upande wa wasiofunzwa.

Huko kufunzwa si shahada. Unapigiwa sauti yenye kasoro inayojulikana, unaambiwa kasoro yake ipi, mpaka ukiisikia popote unaikamata. Bi mkubwa wa Mwana miaka yote anasikiliza nyumba: sufuria, pampu ya maji, kuku, mlango. Kitu kikikwaruza anajua. Wewe Mwana ulikuwa unasikiliza waya.

Juu ya moyo kumdunda, Mkoani ana hoja. Dawa yake fanya taratibu. Mtoto abadilishe waya kwa siri kila siku, wewe usikilize usiku mzima na chai yako, uandike. Hakuna anayekuharakisha.

BintiGanuni

Salaam kaka zangu. Napiga ganuni, nilianzia DCMA, chuo cha muziki hapa Zanzibar, enzi zile tuko Forodhani.

Niwape ya fidla, maana inatugusa wanamuziki, msije mkadhani wanaodanganyika ni wanunuzi wa waya tu. 2010 huko Indianapolis walikusanywa wapiga fidla 21, wakapewa fidla sita, tatu mpya na tatu za zamani sana, mbili za Stradivari na moja ya Guarneri, mafundi wa kale wa Italia. Chumba kina kiza, wamevishwa miwani ya wachomeleaji, na fidla zenyewe, pale zinapowekewa kidevu, zimetiwa manukato ili wasijue ya kale kwa harufu ya mbao. Wengi walichagua mpya walipoambiwa wachague ya kwenda nayo nyumbani, na iliyokataliwa kuliko zote ilikuwa ya Stradivari. Hao si wapita njia, mkate wao ni fidla.

Mie nilipoisoma nilicheka, halafu nikakumbuka ganuni ya mwalimu wangu. Kila nikiipiga naona inaimba kuliko yangu. Sijathubutu kufumba macho.

Lakini kuna jambo mtu wa ala hadanganyiki, na hilo ni kutuni ala. Ganuni ina vile vyuma vidogo vya kunyanyua na kushusha sauti, mandali, na unajua mkono unapita wapi katika kila makamu, yaani ngazi ya sauti. Nikisikia rekodi najua kama kidole cha binadamu kinaweza kupita hapo.

Santuri78

Binti huyo kanifungulia mlango, maana nilikuwa nakaa kimya.

Wanangu, waya siujui. Nilichokaa nacho ni sahani. Sahani za santuri, zile za mara 78 kwa dakika, za akina Siti binti Saad waliokwenda Bombay 1928 kurekodi. Mwenye nazo anazijua kwa namba zilizochorwa karibu na kitovu.

Kuna kijana wa kazi hiyo, amesoma nje, mashine zake nzuri kweli, alinitumia wimbo aliousafisha. Miparuzo yote imetoka, safi kama sahani ya chai. Nikamwambia kijana wangu, umekimbiza. Akanambia mzee, mashine imepima, iko 78 kamili. Nikamwambia mashine iko 78, ila sahani haikukatwa 78. Zama hizo hazikuwa zote sawa, na nambari kwenye karatasi si ahadi. Mwimbaji yule hakuwa na sauti ya mtoto wa chuoni.

Hakuniamini, na nnamwelewa, mie nani? Mtu wa kuweka sahani chini ya kitanda. Nikampelekea binti mmoja wa ala.

BintiGanuni

Shikamoo mzee, binti huyo mie. Nilijua utalitoa hadharani.

Ilikuwa juu karibu nusu ya hatua, yaani ukijaribu kutuni ganuni iifuate nyuzi zinalia kama zinataka kukatika, na mkono unalazimishwa njia ambayo hakuna mpigaji angeichagua. Tukapunguza mwendo kidogo kidogo, asilimia sita hivi, ikakaa. Na mwimbaji akawa mtu mzima.

Yule mtaalamu alikubali mara moja alipoona, nimpe haki yake. Alisema hakuwa na njia ya kujua. Mashine inapima mwendo wa mashine.

Mkoani_Kavu

Sasa! Hilo ndo nililokuwa nalisema.

Santuri78

Usishangilie, nawe ngoja zamu yako. Wapenzi wenzako waliniandama niwape wimbo huohuo kwa kilohezi 96, wanasema watasikia zaidi. Watasikia nini? Sahani ya 1928 huko juu haina muziki, ina mchanga. Yule kijana naye anahifadhi kwa 96 na biti 24, na ndivyo wanavyoshauriana watu wa kuhifadhi sauti duniani, lakini sababu yake ni nyengine kabisa: mparuzo ukichukuliwa kwa ukamilifu wake ni rahisi kuutofautisha na muziki na kuutoa. Namba moja, mmoja anaihitaji kwa kazi, mwengine kwa kujisifu.

FundiKoili

Mzee kanikumbusha. Kwenye taarabu mabishano yangu makubwa na wanaojiita wataalamu wa mitambo si waya wala namba. Ni sauti ya mwimbaji. Kijana kafunzwa kwenye muziki wa dansi, anakuja na besi na ngoma mbele, maneno yanazama. Mbele yake wamekaa kina mama wamekuja kusikiliza mafumbo, nani kapigwa kijembe na kwa neno lipi. Mama mmoja akamfuata mezani pale, akamwambia mwanangu mie sikulipa kiingilio nikasikilize kifua changu kinatetemeka. Hajui desibeli mama yule. Nyimbo mbili baadaye maiki ya mwimbaji ilipanda.

Mwana_Kikwajuni

Nimerudi wanabaraza, wiki tatu zimepita. Natoa ripoti.

Moja, kabla sponji haijabadilishwa nilifanya upya jaribio la kanga, safari hii spika ya kushoto na ya kulia, kipande chenye besi. Fundi alikuwa ameshanionyesha mkwaruzo ule mara moja. Nilipata 16 katika 16, na moyo haukudunda. Mwalimu wa Chake, hiyo ndo ile uliyosema ya kufunzwa. Sasa balaa lake siwezi kuacha kuusikia. Daladala ya jana kutoka Mwanakwerekwe spika zake zote mbili zina ugonjwa uleule, nimefika mjini kichwa kinaniuma.

Mbili, waya. Mtoto alikuwa anabadilisha au habadilishi kwa siri kila magharibi, usiku kumi, mie na chai yangu ya tangawizi bila haraka, kama Mkoani alivyotaka. Nimepata 4 katika 10. Sarafu imenishinda.

Tatu, wapenzi wenzangu niliwapelekea matokeo. Watatu wamenyamaza. Mmoja ameniuliza amplifaya yangu, huenda ndo haina uwezo wa kuonyesha tofauti. Mmoja, na huyu namheshimu, kaomba picha ya kanga na sarafu, na yeye kajifanyia kwake. Kapata 7 ya 16, kacheka mpaka kanitumia sauti yake ya kicheko.

Spika imerudi. Sponji mpya, elfu arobaini na tano zote mbili na gundi. Usiku ule niliweka wimbo uleule wa nai. Mama alikuwa uani, sikumwita, nikangoja. Wimbo ukaisha, hakusema kitu. Kwa mama'ngu hicho ni cheti.

Mkoani_Kavu

Hongera yakhe. Sasa ule waya vipi, bado unao? Sema bei, si kwamba naamini, nna kona moja tu nataka ipendeze.

Mwana_Kikwajuni

Ushakwenda. Kauchukua fundi kwa elfu sitini. Anasema plagi zake nzito, atazikata azitie kwenye miksa ya harusi.